Mume Hahesabiwi

Mkutubi alikuwa mpole wa kupita kiasi. Mende akijitokeza maktabani, alimsukuma kwa ufagio hadi nje ya mlango na kumwacha aende zake. Lakini mpe maiti ya kwenye kitabu! Mpe tajiri mwenye roho mbaya aliyekutwa kalala kifudifudi bustanini, na kijiji kizima kimesimama kando kimeshika tama, hapo utamwona anavuta kiti, anamimina chai, anavua viatu. Rafu mbili nzima nyuma ya mlango alizitenga kwa vitabu vya namna hiyo, na juu yake akabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: VIFO VYA VIJIJINI. Wageni waliokuja kutafuta takwimu za afya walidanganyika zaidi ya mara moja.

Si kwamba alipenda damu. Damu yenyewe katika hadithi hizo ni haba, haizidi ya mtu aliyejikata kidole akimenya viazi. Alichopenda ni utaratibu wake. Katika vijiji vile mtu hafi hivihivi. Akifa, ipo sababu. Na yupo mtu mmoja mdadisi, aghalabu mwanamke wa makamo asiye na mume wala haraka, ambaye ataiona. Ataona kikombe kilichofunikwa upande usio wake, ataona saa iliyosimama, atauliza swali la kijinga, na ikifika sura ya mwisho yule mbaya mmoja ataondolewa na waliobaki watarudi kwenye chai yao. Mkutubi naye alikuwa mwanamke wa makamo, hana mume wala haraka. Aliwazika wazazi wake wote wawili bila mtu yeyote kumweleza kwa nini, na katika dunia hii alibakiwa na ndugu mmoja tu, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Ndiyo maana vitabu hivyo vilimtuliza roho. Usimcheke, nawe una chako kinachokutuliza.

Kila Alhamisi, saa kumi alasiri, watu wanne walikutana kwenye meza ya duara chini ya feni. Kulikuwa na Fundi Saa, ambaye kibanda chake kilitazamana na maktaba na ambaye alisahau kuivua lenzi yake jichoni hata anaposoma. Kulikuwa na Mwalimu, mstaafu wa hesabu, sauti yake bado ya kufika dawati la nyuma. Kulikuwa na Dada. Na Mkutubi mwenyewe: mwenyekiti, msomaji na mpika chai.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa wiki, wasomaji watatu, kwa hiyo walikizungusha: Fundi siku mbili, Mwalimu siku mbili, Dada wa mwisho. Kabla hakijatoka, Mkutubi alikishona. Alichukua sindano ya gunia na uzi mwekundu, akazifunga kurasa za sura ya mwisho kingo zote, asiwepo wa kuchungulia. Nyuma ya kitabu kulikuwa na kadi, ile ya kugongea muhuri wa tarehe, naye aliichorea safu mbili zaidi. Ya kwanza aliipa jina: Nani? Ukisoma ukaufikia uzi, unaandika neno moja tu hapo, huna ruhusa ya kujieleza. Alhamisi uzi unakatwa mbele ya wote, sura inasomwa kwa sauti, kisha Mkutubi anashika kalamu nyekundu na kujaza safu ya pili: Sawa, au Kosa.

Na kulikuwa na kanuni. Mwalimu ndiye aliyeitunga, tena kwa kugonga meza.

"Mume hahesabiwi," alisema. "Mke akifa, hata kuku wa jirani wanamshuku mume. Kama ni mume, mwandishi kamaliza wino wake bure. Mtazameni asiyetazamwa, jamani. Mtazameni anayemimina chai."

Walicheka, wakaipitisha. Atakayeandika mume, hata akiwa amepatia, ataosha vikombe vyote kwenye bomba la uani, peke yake, bila msaada wa mwanachama yeyote.

Kwa miaka mitatu Dada hakuwahi kuosha hata kijiko. Alikuwa bingwa. Alisoma haraka, akaandika haraka, na Mkutubi akisoma sura ya mwisho yeye aliketi kakunja mikono akitabasamu kwa maringo yasiyofichika. Kisha afya yake ikaanza kuyumba. Kwanza tumbo. Halafu kichefuchefu kisichokoma, nywele zinabaki kwenye kitana, miguu inakufa ganzi hadi magotini. Alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Ndani ya miezi minne akawa anapwaya ndani ya nguo zake mwenyewe.

Bahati yake, watu walisema, alikuwa na mume. Mtaani walimwita Bwana Asali, kwa kuwa alifuga nyuki nyuma ya nyumba na hakukuwa na jikoni isiyokuwa na chupa yake, kubwa, yenye karatasi ya njano aliyoandika mwenyewe. Mcheshi, mnyenyekevu, mikono safi muda wote. Kila Alhamisi alimleta mkewe akimshika kiwiko, akamketisha, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la magazeti, hatua tano kutoka mezani, na kusoma gazeti moja mpaka kikao kiishe. Simu ya Dada ilipoharibika, yeye ndiye aliyeipeleka kutengenezwa, na haikurudi. Mkutubi akienda kumjulia hali dada yake nyumbani, Shemeji alikuwa mumo humo chumbani, anapanga mito. Wanawake wa mtaani waliulizana waume wa namna ile huokotwa wapi, na Mkutubi aliwaunga mkono kwa moyo wote.

Siku moja Shemeji alimvuta pembeni, kati ya rafu, akamtilia kiganjani kichupa kidogo cha kahawia kisicho na karatasi yoyote.

"Asali ya dawa hii, shemeji yangu. Nimeichemsha na mizizi. Kwangu mimi hataki, ananidekea, kila ninachompa anasema kinamchefua. Wewe hakukatalii kitu. Mtilie kijiko kimoja kwenye chai yake ya hapa, na usimwambie imetoka kwangu."

Mkutubi alijiona mtu wa maana sana. Tangu hapo, kila Alhamisi, aliwapa mgongo wenzake pale kwenye kimeza cha birika, akakoroga kijiko kimoja kwenye kikombe cha Dada, akampelekea kwa mikono miwili. Dada alikinywa chote, akamtazama mdogo wake, akatabasamu kwa namna ambayo Mkutubi aliichukua kuwa ni shukrani.

Na hapo hapo ndipo bingwa alipoanza kupoteza.

Mara ya kwanza ilikuwa hadithi ya mke wa mchungaji aliyezama bwawani. Mkutubi alisoma kadi kwa sauti. Fundi kaandika daktari. Mwalimu kaandika mpwa. Dada kaandika: Mume. Walipiga makofi, wakapiga meza, Fundi akacheka mpaka lenzi ikadondoka. Muuaji alikuwa mpwa. Mkutubi alishika kalamu nyekundu na kuandika Kosa, huku bado anacheka. Dada aliinuka kwa shida, akakusanya vikombe. Mlangoni pa uani aligeuka.

"Mdogo wangu, njoo basi unishikie hata taulo."

"Kanuni ni kanuni, Dada! Umejitakia!"

Kule kwenye benchi Shemeji alikuwa tayari amelikunja gazeti. "Mimi si mwanachama," alisema akiinuka. "Kanuni yenu hainihusu." Akamfuata mkewe bombani na taulo begani, nao wakampigia makofi ya pili, makubwa kuliko ya kwanza.

Alhamisi iliyofuata, Mume. Iliyofuata tena, Mume. Mwalimu akaanza kumtania kwamba ugonjwa umepanda kichwani, na Dada akatabasamu, akakusanya vikombe, akageuka pale mlangoni, akamtazama mdogo wake, akaenda. Mara ya nne Shemeji mwenyewe alishindwa kujizuia. "Tena mimi!" alisema kutoka kwenye benchi lake. "Huyu mwanamke atanifungisha!" Wakavunjika mbavu wote. Mkutubi aliandika Kosa. Mara ya tano na ya sita mwandiko ulikuwa umeanza kuserereka nje ya mstari, na vikombe viwili vilivunjika kwenye bomba, lakini kanuni haikubadilika.

Alhamisi ya saba Shemeji alikuja peke yake.

"Leo miguu imegoma kabisa," alisema, akakiweka kitabu juu ya meza. "Ila kakimaliza. Kaniambia nisikose kukileta." Alikuwa anageuka kuondoka aliposimama. "Kile kichupa bado kipo?"

"Kipo, Shemeji. Kimebaki robo."

"Kiache hapo hapo kabatini. Asikishike mtu mwingine, mkono wako tu."

Akampigapiga bega, akatoka. Wale watatu wakaketi, na Mkutubi akaifungua kadi.

Kitabu cha wiki hiyo kilihusu nyumba ya walimu wa kike juu ya kilima. Mvua imekata njia, mkuu wao kaanguka ngazini, na aliyemsukuma yumo humo humo ndani. Walimu hao wote hawajaolewa. Mwanamume pekee ni mtunza bustani kiziwi, kapera wa maisha.

"Fundi, umeandika mpishi. Mwalimu, matroni. Na Dada..." Mkutubi alianza kucheka kabla hajalitamka. "Dada kaandika Mume."

"Mume wa nani?" Fundi alirusha mikono juu. "Humu hamna hata mtu mwenye pete! Yaani safari hii kamshtaki mtu hata hajazaliwa!"

Hapakuwa na haja ya kusubiri uzi ukatwe; kalamu nyekundu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mkutubi aliandika K, na mkono ukasimama.

Dada alikuwa amekisoma kitabu hicho. Kitu kimoja ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake ni kuruka kurasa. Mtu anaweza kumkisia vibaya mtu aliyemo kwenye hadithi. Hawezi kumkisia asiyemo. Neno lile halikuwa la kitabu.

Aliinuka bila viatu, akaenda kwenye rafu nyuma ya mlango, akavitoa vile vitabu sita vingine na kuzichomoa kadi zake. Alizipanga mezani kwa tarehe. Kadi ya kwanza mwandiko wa Dada ulikuwa safi, umenyooka. Ya tatu ulilegea. Ya saba herufi zilikuwa zimetambaa hadi kwenye mstari wa mwenzie. Neno lilikuwa lile lile, na kando yake, kila mstari, wino mwekundu.

"Anatuambia kitu," alisema Mkutubi.

"Anatuambia kwamba amechoka kufikiri," alisema Mwalimu. "Mgonjwa huyo."

"Bwana Asali?" Fundi alitazama kadi, akatazama benchi tupu. "Yule hata nyuki akimuuma anamwomba radhi nyuki."

"Mwalimu, gari lako linawaka?" aliuliza Mkutubi.

Mwalimu hakuamini, na hilo lilionekana, lakini miaka yote ile hakuwahi kumwona Mkutubi akisimama bila viatu mbele ya watu. Alichukua funguo. Fundi akabaki kuilinda maktaba, na Mkutubi akazitia kadi saba kwenye mkoba wake.

Nyumba ya Shemeji ilikuwa mwisho wa uchochoro, nyeupe, madirisha yamefungwa mchana kweupe. Kutoka nyuma ya ukuta nyuki walisikika, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Kabla hawajabisha, mlango ulifunguliwa.

"Shemeji! Na Mwalimu! Karibuni ndani. Ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi."

Chumba kilinuka sabuni. Dada alilala kaupa uso ukuta, na chini ya shuka alionekana mdogo sana. Juu ya kimeza kulikuwa na sahani ya chakula ambacho hakikuguswa, kimefunikwa vizuri. Mkutubi alitamani kupiga kelele, badala yake akasikia sauti yake inatoka nyembamba na ya uchangamfu, kama ya mtu anayeuza kitu.

"Tumemletea habari njema! Leo kapatia. Na mshindi kwetu sharti aje akate uzi kwa mkono wake."

"Kapatia?" aliuliza Shemeji.

"Ndiyo. Kaandika mpishi."

Shemeji alichukua kitambaa, akaanza kujifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Alikuwa bado anatabasamu.

"Kadi niliiona, shemeji yangu," alisema. "Mimi huziona zote."

Dada aligeuza kichwa polepole kutoka ukutani, macho yake yakaenda moja kwa moja kwa mdogo wake na kubaki pale. Ndipo Mwalimu alipokohoa na kutoa ile sauti yake ya darasani.

"Tunampeleka hospitali, bwana."

Mkutubi alijiandaa kwa ugomvi. Alikuwa tayari kuuma, kukwaruza, kumburuta dada yake kwa shuka. Lakini Shemeji alikunja kitambaa chake mara mbili na kukiweka mezani.

"Sawa kabisa," alisema. "Leo msingekuja, ningempeleka mwenyewe."

Akambeba mkewe mikononi, akampeleka hadi garini, akamfunika miguu, akafunga mlango taratibu usimshtue. Kisha akainama dirishani upande wa Mkutubi. "Tangulieni. Nitawafuata. Kuna mahali napitia kwanza." Mkutubi alishikwa na furaha kubwa hata hakuuliza ni wapi. Wale wanawake wa vitabuni wangeuliza.

Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya usingizi, lakini alipoiona mistari myeupe kwenye kucha za Dada usingizi ulimtoka. Alibonyeza nyayo, akauliza maswali matatu, la nne akalimeza. Alimtoa damu ya kupima, chupa mbili ndogo. Akasema majibu hayatoki leo, akamchoma mgonjwa sindano ya kumpumzisha, asisumbuliwe hadi kesho. "Dakika tano," alimwambia Mkutubi, akatoka.

Kwa mara ya kwanza katika miezi minne ndugu hao wawili walikuwa peke yao.

"Umechelewa, mdogo wangu," alisema Dada.

"Nisamehe, Dada. Nisamehe."

"Mara saba. Nilikuwa napoteza makusudi, unifuate pale bombani. Dakika moja tu ningekwambia. Wewe unakaa unacheka, anakuja yeye na taulo."

Mkutubi alilia bila kujificha, kichwa juu ya kitanda. Mkono wa Dada, mwepesi, ukamjia kichwani kama zamani.

"Kwa nini anafanya hivi? Umemkosea nini?"

"Sijui. Nilimuuliza siku moja. Alicheka, akanipangia mito." Dada alivuta pumzi. "Usilie, mama. Nisingefika leo bila wewe. Nyumbani niliacha kula kitu chake chochote. Mkate nimejikatia mwenyewe, maji nimekinga mwenyewe. Halafu nazihesabu siku mpaka Alhamisi. Chai yako tu ndiyo niliyokunywa bila hofu."

Kope zake zikashuka. Sindano ilikuwa imeanza kazi.

Mkutubi alibaki kainama pale pale. Alijiona akiwapa wenzake mgongo kwenye kimeza cha birika, kijiko kikizunguka, wiki baada ya wiki, akijisifu moyoni kwamba yeye hakataliwi kitu. Kila siku ambayo dada yake alikoswa na kifo nyumbani, alikuja kukifuata kwake.

Daktari alikuwa mlangoni. "Unajua anakula nini? Kuna kitu chochote amekuwa akipewa?"

Mkutubi aseme nini? Kwamba mkono ni wake? "Nakuja sasa hivi," alisema. "Kuna kitu nakileta." Akamkimbilia Mwalimu nje.

Jua lilikuwa bado halijatua walipofika, na mlango wa maktaba ulikuwa wazi. Fundi alikuwa mezani, lenzi kaivua, anatazama miguu yake. Mbele yake alikaa askari mwanamke mwenye daftari. Kwenye benchi la magazeti, mahali pake, alikaa Shemeji, macho mekundu ya mtu aliyelia kweli. Na katikati ya meza ya duara, juu ya leso nyeupe, kulikuwa na kichupa cha kahawia.

"Ndiye huyu, afande," alisema Shemeji, kwa sauti ya mtu anayeumia.

"Kaa, mama," alisema askari. "Kichupa hiki unakijua?"

"Nakijua. Kanipa yeye."

"Mbele ya nani?"

Mkutubi alikumbuka. Kati ya rafu. Hakukuwa na mtu.

"Asali yangu inajulikana mtaa mzima," alisema Shemeji. "Chupa kubwa, karatasi ya njano. Hicho sijawahi kukiona mpaka leo. Nilichokiona mimi ni kwamba mke wangu akitoka hapa Alhamisi, Ijumaa hainuki. Sikutaka kuamini, afande. Ni mdogo wake wa tumbo moja."

Askari alimgeukia Fundi. "Wewe umesema ulimwona akikoroga."

"Nilimwona," alisema Fundi, bila kuinua macho. "Alikuwa katupa mgongo. Lakini afande, huyu..."

"Kikombe cha mgonjwa peke yake?"

Fundi aliigeuzageuza lenzi yake kiganjani. "Cha mgonjwa peke yake."

Mkutubi alimtafuta Mwalimu kwa macho. Alimkuta kasimama mlangoni anamtazama, na mtazamo huo aliujua. Ndio ule wa Alhamisi, uzi ukishakatwa na kurasa zimebaki nne, macho kayakunja, midomo inahesabu.

"Anayemimina chai," alisema Mwalimu polepole, pengine bila kujua kwamba ametamka.

"Ngojeni!" Mkutubi alipindua mkoba wake, kadi zikamwagika mezani. Alizipanga kwa tarehe. "Dada mwenyewe kaandika. Someni. Kila wiki kaandika, wiki saba, alikuwa anatuambia!"

Askari alizivuta karibu na taa. "Hizi ni za nini?"

"Ni kadi za vitabu. Ni... tunakisia muuaji. Ni mchezo wetu."

"Mchezo." Askari alifuata mistari kwa ncha ya kalamu, akisoma kwa sauti kavu. "Mume, kosa. Mume, kosa. Mume, kosa." Alisoma zote sita, na kwenye ya saba akasimama juu ya ile K iliyobaki peke yake. "Hili kosa, kosa, la wino mwekundu, kaandika nani?"

Feni ilizunguka juu yao.

"Mimi," alisema Mkutubi.

Askari alizikusanya kadi, akazitia ndani ya daftari. Akasema mgonjwa atasema mwenyewe kesho akiamka, na hadi hapo Mkutubi ataongozana naye kituoni. Shemeji aliinuka. Alilikunja gazeti, akalirudisha mahali pake, akaja mezani na kukichukua kile kitabu cha nyumba ya kilimani, kurasa zake za mwisho bado zimeshonwa.

"Afande, mimi niruhusu. Mke wangu yuko peke yake hospitali, nataka nikamkalie mpaka asubuhi. Akiamka nimsomee na mwisho wake, ataufurahia."

"Nenda tu, baba. Pole sana."

"Asiende!" Mkutubi alirukia mlango. "Mzuieni! Afande, mzuie huyo, atammaliza, kalala, hawezi hata kupiga kelele! Fundi! Mwalimu!"

Walimwahi kabla hajamfikia. Fundi alimshika mkono mmoja na Mwalimu akamshika wa pili, kwa upole, kama wanavyomshika mtu waliyemzoea, na Shemeji akapita katikati yao akiwa ameinamisha kichwa.

"Kaa, mama," alisema Mwalimu. "Mwache mtu wa watu akamwone mke wake."